Vikombe Kumi na Viwili

Kambi ya kwanza
3 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na masikio hayajazidi kuziba kuliko nilivyoyaacha. Mimi sijambo, ingawa mgongo unalalamika. Mwambie Mama kwamba lile koti alilonilazimisha kulibeba nimelivaa asubuhi zote tatu. Ameshinda, lakini asitangaze.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha dereva. Miaka sita nimepita barabara hizi nikiwa nyuma na masufuria, nikizijua kwa namna sahani zinavyogongana tu. Sasa nazijua kwa mikono. Kifaru, lori lako uliloliendesha mpaka ukastaafu, bado anavuta upande wa kushoto kama punda aliyenuna, na gia ya tatu bado inaingia ikipenda yenyewe. Nilimwambia mimi ni mtoto wako. Alinipuuza.

Abiria ni kumi na wawili, wote wastaafu, wote wa mtaa mmoja. Wamejuana miaka arobaini. Wameleleana watoto, wamegombana na kupatana, na muda wote huo wamekuwa wakitazama twiga kwenye kalenda za ukutani, mpaka mwaka huu wakasema basi, tukawaone wenyewe kabla miguu haijagoma. Ni watu wazuri, Baba, ila hawanyamazi. Kiongozi wao ni mkunga mstaafu wanayemwita Mama Redio. Anaanza kusema ninapowasha gari na anamaliza ninapozima. Pembeni yake anakaa rafiki yake, Mwalimu wa Hesabu, ambaye alisema miaka thelathini na sita mbele ya ubao na sasa ameamua kusikiliza tu.

Safari imeanza na vituko. Siku ya kwanza pancha mbili kabla ya saa sita. Siku ya pili bapa moja la chuma la springi ya nyuma likakatika. Nikaifunga springi kwa mnyororo na kipande cha gogo, kama ulivyonifundisha. Leo nyani wameingia jikoni wakachukua mikate yote minane. Mpishi, yule mnene aliyeshika nafasi yangu, aliwafukuza kwa mfuniko wa sufuria. Walirudi kuchukua mfuniko.

Sasa neno langu. Kwa nini mpaka leo tunahesabu abiria kwa vikombe? Kila mtu anapewa kikombe cha bati chenye namba, na kulabu yenye namba hiyohiyo kwenye ubao wa mlangoni. Akishuka anakichukua, akipanda anakitundika. Kulabu kumi na mbili zikijaa, dereva anaondoa gari. Najua sheria hii uliitunga wewe na imebandikwa katika malori yote manne ya kampuni. Lakini mimi nina macho mawili na shingo inayogeuka. Naomba ruhusa nihesabu vichwa.

Mwanao,
Dereva

---

Nyumbani
7 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako ameisoma habari ya koti mara mbili, kisha akanisomea mimi kwa sauti hadi nikaisikia, kwa hiyo majirani pia wameisikia. Afya yangu ni ileile: miguu ipo, moyo upo, masikio yalibaki barabarani.

Ombi lako limekataliwa. Nitakupa sababu, maana sitaki useme baba yako ni mzee mkaidi. Mimi ni mzee mwenye hoja.

Vichwa havihesabiki. Kimoja kimeinama kinafunga kamba za viatu, kingine kiko nje ya dirisha, cha tatu kimehama kiti kutafuta miwani na wewe umekihesabu mara mbili. Wapo madereva wanaosimama mlangoni na kuuliza, "Jamani, mpo wote?" Swali hilo ni la kijinga kuliko maswali yote yaliyowahi kuulizwa kwenye gari. Waliopo wataitikia ndiyo, na asiyekuwepo hawezi kukuambia kwamba hayupo. Nilimwona dereva mmoja, tena mwenye vyeti vyake, akiuliza hivyo, akajibiwa kwa furaha, akamwacha mzee wa watu chini ya mti na gazeti lake. Kikombe hakina haraka, hakina aibu, hakikujibu ili kukufurahisha. Kipo au hakipo. Miaka ishirini na tisa sikuacha mtu.

Na usisahau alichoandika meneja kwenye karatasi, mbele yangu na mbele ya karani wake: kumi na wawili waende, kumi na wawili warudi salama, na usukani wa Kifaru ni wako moja kwa moja. Ukiharibu, unarudi kwenye masufuria. Mimi ndiye niliyemwomba. Katika ofisi ile sijawahi kumwomba mtu kitu, hata kiti. Usiniaibishe kwa ajili ya shingo inayogeuka.

Ule mnyororo wa springi ukaze kila asubuhi. Gogo likianza kulia, ujue limelegea.

Mama yako anasema ule vizuri. Mimi nasema utazame kulabu.

Ni mimi baba yako

---

Kando ya mto
11 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Sisi tu wazima lakini tumetapakaa tope hadi kwenye nyusi.

Tulikwama mtoni siku mbili. Kifaru alizama mpaka kwenye ekseli. Nilichimba, nikaweka mbao, nikachimba tena. Wastaafu wakakunja suruali na kanga wakasukuma, Mama Redio akitoa amri zilezile alizokuwa akiwapa wajawazito. "Bado, bado, pumua kwanza. Sasa sukuma." Naapa gari lilimsikia. Lilitoka kwa kelele ya kuchukiza na kumfunika Mpishi kwa tope mwili mzima, naye akasema angalau leo hakuna nyani atakayemtamani.

Na tembo tumewaona. Walipita hatua kama sitini kutoka tulipokwama, jike mbele na watoto katikati. Wazee wangu wote walinyamaza. Hata Mama Redio alinyamaza, Baba, kwa muda wa kama dakika moja. Mwalimu wa Hesabu alikuwa analia bila kujificha. Nikajua kwa nini hukutaka kustaafu.

Sheria yako inafuatwa. Vikombe vinatundikwa, kulabu zinajaa, naondoa gari. Umeshinda na wewe. Nyumba yenu imejaa washindi.

Nimewapenda watu hawa. Wanakumbushana dawa, wanavuana viatu vya tope, mmoja akianza kula chungwa mwingine anamalizia bila kuombwa. Sijui kama mimi nina mtu wa kunimalizia chungwa.

Kesho kutwa tunaingia upande wa kusini wa hifadhi. Huko redio ya mawasiliano inashika kwa kubahatisha na magari ya kubeba barua ni machache. Usipopata neno usianze kuzunguka chumbani.

Mwanao,
Dereva mwenye tope

---

Nyumbani
17 Juni

Wewe binti,

Sikusalimu. Nitakusalimu nikipata maelezo.

Leo nimepita ofisini kuulizia barua, na karani akanisogezea karatasi yenye maneno waliyoyapokea kwa redio tarehe 14 usiku. Sauti ni yako, anasema. Maneno ni haya: "Nimeacha abiria mmoja kituo cha zamani." Halafu makelele, halafu kimya. Dhoruba imeangusha mnara wa redio na hawawapati tangu siku hiyo.

Umehesabu vichwa. Usinidanganye. Nilikukataza kwa maandishi, ukaona baba ni mzee na vikombe vyake ni vya kizee, ukageuza shingo yako ukahesabu vichwa. Ungetazama kulabu, huyo mtu angekuwa kwenye kiti chake sasa hivi.

Nani ameachwa? Amepatikana? Andika.

Baba yako

---

Nyumbani
19 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kwa moyo wote safari hii. Hapa hatujambo kwa maana ya kwamba tunakula na tunaamka.

Nimekwenda ofisini kila siku. Kuna benchi refu kwenye veranda, na ndugu za abiria wako wanakaa hapo. Jana mtoto wa yule mkunga alikaa karibu nami. Hakujua mimi ni nani. Aliongea muda mrefu akitazama chini, na mimi sikusikia hata neno. Ningeweza kumwomba aandike. Sikumwomba. Nilitikisa kichwa tu kama mtu anayesikia, na nimejidharau tangu hapo.

Meneja amemtuma dereva mwingine aje achukue ufunguo kwako. Nilimwambia sheria ya kuhesabu ni yangu, kwa hiyo na mimi nihesabiwe kwenye kosa. Akaandika: "Mzee, nenda ukapumzike." Karatasi hiyo ninayo mfukoni na kila nikiitoa naona hasira upya.

Sikiliza. Niliyoyasema juu ya usukani na kuaibishwa, yaweke kando. Nataka barua tu. Kama amepatikana, andika. Kama hajapatikana, andika pia, na mimi nitakuja huko hata kwa miguu.

Ile barua yangu ya tarehe 17 usiisome. Kama umeshaisoma, nisamehe.

Baba

---

Kambi ya kusini
21 Juni

Kwa Baba,

Amepatikana. Naanza na hilo ili ukae chini. Mama Redio ni mzima, hana hata mkwaruzo, na wale kumi na mmoja wazima, na mimi mzima. Sasa ndiyo shikamoo. Mama hajambo?

Barua zako mbili zimenifikia leo kwa pamoja. Askari wa hifadhi wamezivusha mto kwa mtumbwi. Ile ya kwanza niliisoma kabla ya ile iliyonikataza kuisoma. Nimekasirika, na nitakujibu nikiwa na hasira hiyohiyo. Sikuhesabu vichwa. Nilitazama kulabu. Zilijaa, ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, kila kikombe mahali pake na namba yake. Niliifuata sheria yako kama ilivyobandikwa, na nikamwacha mama wa watu porini kwa zaidi ya saa sita.

Ilikuwa tarehe 14. Tulisimama kula mchana kwenye kituo cha zamani cha askari, ambacho siku hizi hakina mtu. Kuna nyumba isiyo na paa na mnara wa chuma wenye tangi la maji lililokauka juu yake. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, nikawahimiza. Mama Redio akamwachia Mwalimu wa Hesabu kikombe chake, akazunguka nyuma ya nyumba kujisaidia. Mwalimu akaosha vikombe viwili, chake na cha rafiki yake, akapanda, akavitundika vyote viwili. Akaegemea dirisha, akasinzia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikitundika, alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua. "Namwoshea kikombe tangu watoto wetu hawajaota meno," akasema. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyetuharibia hesabu.

Tukaenda kwa muda wa saa mbili na nusu. Kuna jambo linaloniuma kuliko kulabu. Gari lilikuwa kimya, na sote tulifurahi. Mpishi aliniambia kupitia kidirisha cha nyuma, "Leo tumepumzishwa," na mimi nikacheka. Watu kumi na mmoja nyuma yangu, kila mmoja akidhani Mama Redio amelala, kila mmoja akiogopa kumwamsha. Hakuna aliyegeuka kutazama. Tulifika bwawa la viboko, Mwalimu akaamka, akanyoosha mkono kumgusa rafiki yake amwonyeshe kiboko, akagusa kiti.

Sauti aliyoitoa sitaielezea.

Niligeuza. Ule mnyororo wa springi ukakatika kwenye korongo la kwanza, nikaenda hivyohivyo, Kifaru ameinama upande mmoja kama mlevi. Halafu nyati. Walisimama barabarani zaidi ya mia, wakinitazama kama karani anavyokutazama ukifika ofisini saa ya chakula. Nikapiga honi. Mmoja akajisaidia, wengine hawakujali. Dakika ishirini na tano, Baba, nimeshika usukani, sina la kufanya, nikimfikiria mama wa miaka sabini na moja, hana maji, hana hata kikombe chake.

Tulifika jua likiwa bado juu ya vilima. Nilizima injini, nikasikia sauti yake kabla sijamwona. Alikuwa juu kabisa ya mnara, amekaa kwenye ukingo wa tangi, viatu ameviweka pembeni, anaongea. Chini yake, kwenye kivuli cha tangi, walikuwa wamelala simba watano. Alikuwa anawasimulia jinsi alivyozalisha mapacha mwaka wa mafuriko.

Nikaingiza gari taratibu kati ya ngazi na wale simba. Waliinuka, wakajinyoosha, wakaondoka bila haraka, kama watu wanaotoka kwenye mkutano uliorefuka. Akashuka ngazi, akaingia kupitia tundu la paa la gari.

"Mmekawia," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe nikishakunywa maji. Koo limekauka. Kila nikinyamaza yule jike anainua kichwa ananitazama, basi nikawa sina budi. Visa vyote vya kweli nimewamalizia. Nilikuwa nimeshaanza vya uongo."

Mwalimu alimshika mkono, hakuuachia mpaka kambini. Watu wengine walicheka, wengine walilia, na mimi niliendesha.

Tulipofika Mpishi akanivuta pembeni. "Wazee wamekubaliana," akasema. "Hawatasema. Mama hana mkwaruzo. Redio leo inakoroma, nani atajua? Wewe rudisha kumi na wawili wako, uchukue usukani wako." Alisema kwa wema. Na hesabu ingetimia, Baba: kumi na wawili walikwenda, kumi na wawili wangerudi salama. Nikaenda kwenye ile redio, nikaiwasha. Kisha nikasema yote kwa pumzi moja: nimeacha abiria mmoja kituo cha zamani, nimerudi nimempata mzima, kosa ni langu. Nilidhani yote yamefika. Kumbe dhoruba ilikula nusu ya pili na kuwaachia ninyi nusu ya kwanza kwa wiki nzima. Kwa hilo naomba radhi. Mwombe radhi na yule mtoto wa mkunga, safari hii umpe kalamu aandike.

Sasa hoja, kwa kuwa wewe ni mtu wa hoja. Sheria yako haikukuangusha miaka ishirini na tisa kwa sababu abiria wako walikuwa hawajuani. Hakuna aliyegusa kikombe cha mwenzake, ama kwa adabu ama kwa kinyaa. Hawa wanapendana. Sheria yako haikuwa na nafasi ya mtu anayempenda mwenzake. Uliandika kwamba kikombe hakikujibu ili kukufurahisha. Hiki kilinifurahisha, nikaondoa gari.

Tangu siku ile nafanya hivi. Siulizi kama wapo wote. Napita kiti kwa kiti, namuuliza kila mtu, "Mwenzako yuko wapi?" naye anamgusa bega ndipo anajibu. Asiyekuwepo hawezi kusema hayupo, hapo ulisema kweli. Lakini aliyekaa karibu na kiti kitupu anaweza.

Dereva mwingine ameshafika ng'ambo ya mto. Namwona kutoka hapa, amekaa juu ya jiwe, mtumbwi ameuogopa, anangoja maji yashuke. Akivuka nitampa ufunguo. Masufuria nayajua, hayanitishi. Kilichonitisha tumekipakia garini, kinaongea.

Barua ya tarehe 17 nimekusamehe. Nimeihifadhi, lakini nimekusamehe.

Mwanao

---

Kambi ya kusini
23 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Ni siku mbili tu tangu nikuandikie, na gari la barua linaondoka sasa hivi, kwa hiyo salamu ni fupi.

Dereva amevuka jana. Ni yule mrefu anayevaa tai hata porini. Akanisalimu kwa heshima, akatoa karatasi ya meneja, nikampa ufunguo. Akazunguka gari, akagonga matairi, akakaa kwenye kiti changu na kukisogeza nyuma. Hapo ndipo iliponichoma, Baba, alipokisogeza kiti.

Wazee walikuwa wamepanga mstari kupanda. Mama Redio alikuwa wa kwanza, akasimama kwenye ngazi.

"Panda, Mama, tuondoke," dereva akasema.

"Kwanza nikuulize. Wewe umewahi kumwacha mtu porini?"

"Mimi? Hata siku moja."

"Basi wewe bado hujamwacha. Huyu ameshamwacha, na aliyeachwa ni mimi. Hakuna dereva duniani atakayenitafuta kwa macho kama huyu binti, mpaka siku nazikwa. Mrudishie ufunguo."

"Mama, nina karatasi ya meneja."

"Na mimi nina kiti namba saba. Weka karatasi yako hapo, uone kama itatazama wanyama."

Akashuka ngazi akaketi chini. Mwalimu wa Hesabu akaketi karibu naye. Kisha wote kumi na wawili, mmoja mmoja, kwa kelele za magoti. Niliwasihi. Niliwaambia mimi nimekosa kweli na sitaki kutetewa kama mtoto. Mwalimu, ambaye hajaniambia maneno kumi tangu tuondoke, akasema, "Ukikosea hesabu kisha ukaionyesha mwenyewe mbele ya darasa, mimi nilikuwa nakupa alama." Mpishi akabandika chai. Baada ya saa moja dereva naye akalegeza tai, akaomba kikombe.

Redio imerudi tangu jana mchana. Dereva akamwita meneja, akaanza kueleza, na Mama Redio akaomba apewe chombo cha kusemea kidogo tu, amsalimu. Alikishika dakika kumi na nane. Meneja hakupata mwanya wa kuvuta pumzi. Alipomaliza, Mpishi akamnong'oneza dereva kwamba na yeye ana la kusema, akaenda pale, akasema peke yake. Sijui alisema nini.

Jibu la meneja ni hili: niendeshe mimi mpaka nyumbani, dereva wa tai akae pembeni yangu. Habari ya usukani baada ya hapo ataizungumza na wewe kwanza, kwa sababu sheria ilikuwa yako.

Kwa hiyo utajua kabla yangu. Niandikie kambi ya mwisho, tutafika tarehe 28. Lolote litakalokuwa, liandike wazi, usilizungushe.

Mwanao

---

Nyumbani
26 Juni

Binti yangu,

Marahaba, na marahaba ya zile shikamoo nyingine ambazo hazikupata jibu kwa wakati.

Nilipofungua barua yako nikakuta neno la kwanza, sikuendelea. Nilikaa chini kama ulivyosema. Mama yako alininyang'anya, akaimaliza yeye kwa kusimama, kisha akanipiga nayo begani. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hata wewe u mzima. Tangu siku ile anaimba jikoni. Mimi sisikii, lakini namwona mabega.

Meneja alikuja nyumbani jana. Alitoa kijitabu akaandika: "Mzee, kosa ni la nani?" Nikamjibu kwa mdomo, na kwa kuwa sijui sauti yangu ina ukubwa gani, nadhani mtaa mzima ulihudhuria. Nikamwambia sheria ni yangu na dereva aliifuata. Nikamwambia, ukimrudisha kwenye masufuria utakuwa umemwadhibu kwa kutii, kisha utakuwa umemwadhibu kwa kusema. Madereva wako waliobaki wataelewa funzo hilo vizuri sana: siku wakiacha mtu, redio zitakuwa mbovu. Una kampuni ya kusafirisha watu. Amua kama unataka madereva wasiokosea, ambao hawapo, au madereva wanaokuambia.

Akaandika: "Mpishi ameniambia alichomshauri, na alichojibiwa." Halafu akafungua ukurasa mwingine, akaandika polepole, akanigeuzia: "Usukani ni wake."

Nimeambatanisha ukurasa wenyewe. Mwandiko wake ni mbaya lakini sahihi inasomeka.

Aliponyanyuka kuondoka nikamwomba twende wote yadi na anipe bisibisi. Nimeng'oa kulabu za malori matatu, thelathini na sita, kwa mkono wangu. Mafundi walitaka kunisaidia, nikawafukuza. Nilidhani itaniuma. Iliniuma mpaka ya tano hivi, baada ya hapo ikawa kazi tu. Zile karatasi za sheria nimezibandua pia, na karani anapiga chapa ya kwako sasa. Nimemkagulia. Alikuwa ameandika "ulizia mwenzako," nikamwambia aongeze kwamba lazima amguse bega, maana watu ni wavivu wa kugeuka.

Hoja yako nimeitafutia kasoro siku tatu. Nimeipata moja: wakibaki wote wawili itakuwaje? Nafikiri nawe umeshaifikiria. Tutabishana ana kwa ana, na nitashinda.

Mtoto wa mkunga nilimpata kwenye benchi lile. Nilimpa kalamu. Aliandika kurasa nne, zote juu ya mama yake, na katika kurasa nne hakuna mahali alipoacha nafasi ya aya. Ni mtoto wake kweli.

Meneja anasema mnaingia Jumamosi saa tisa alasiri. Mimi nitakuwa getini tangu saa nne. Usidhani nina wasiwasi. Mama yako anataka kupaka rangi sebule na anasema namzibia njia.

Barua hii usiijibu. Mikono yako ina kazi nyingine.

Baba yako